Tembo, Punda na Mbung'o: Mamalia wa Njia ya Misafara

Karne ya 19, pembe za ndovu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zilipitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Ikolojia ilichangia hali hiyo: misitu ya miombo ni makazi ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana anaoueneza uliua farasi na ng'ombe, na punda pia hawakusalimika. Palahala na korongo, swala wakubwa wa miombo, huishi na vimelea vya nagana bila kudhurika sana.

Uainishaji wa tembo
Himaya: Wanyama
Faila: Kodata
Ngeli: Mamalia
Oda: Proboscidea
Familia: Elephantidae
Jenasi: Loxodonta
Spishi: Loxodonta africana

Tembo ni mamalia kwa kuwa ana nywele, ijapokuwa chache, na jike hunyonyesha. Pembe zake ni meno ya mbele ya taya la juu, nayo hukua maisha yote. Ndugu zake wa karibu walio hai ni nguva wa baharini na pimbi wa majabali.

Mimba ya tembo huchukua miezi 22 hivi, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja. Ndiyo maana kundi lililowindwa kupita kiasi huhitaji miongo kadhaa kurejea.

Mwanafunzi: palahala, punda na tembo wote hula majani. Chunguza kwato au kucha, miguu na meno yao, kisha eleza kwa nini kila mmoja yumo katika oda tofauti.