Safu ya Lugha: Nadharia
Vipindi vya televisheni kama Ancient Aliens cha Marekani, vinavyodai kuwa viumbe wa sayari nyingine walishiriki kujenga mapiramidi ya Misri, vimetuzoesha hata sisi wa Unguja kuliita kila dai la ajabu nadharia, ilhali neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu nadhar, yaani kutazama na kutafakari, hustahiki kupewa wazo lililopimwa kwa ushahidi. Lisilo na msingi ila kudhani ni dhana. Lipitalo midomoni bila mwenyewe kujulikana ni uvumi. Na lililobuniwa makusudi ni uzushi. Kwa mfano, atakaye kusimulia tarikhi ya msikiti wa Kizimkazi, hapa hapa Unguja, na aanze na maandishi yake ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kinyume cha hayo, aseme wazi kuwa anazua.