Ardhi Walipewa Mapema, Cheti Kikachelewa Miaka 42

Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji yalizuka Burundi. Jeshi liliwasaka Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, hata wanafunzi. Walionusurika walivuka mpaka, wengine kwa mitumbwi kupitia Ziwa Tanganyika, wakaingia Kigoma kwa maelfu.

Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaacha kwenye mahema karibu na mpaka. Iliwapeleka ndani ya nchi, kwenye misitu ya miombo yenye mbung'o: Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba jirani na Mpanda mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, Ulyankulu ilipoelemewa na watu. Kaya ilikatiwa hadi hekta 5, ikapewa zana, mbegu na posho ya chakula mpaka mavuno ya kwanza. Misitu ikafyekwa. Katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yanajilisha, na mahindi, maharage na tumbaku yake yakiuzwa nje. Mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen kwa utetezi wake wa wakimbizi, na aliistahili.

Hata hivyo, mwenye shamba alibaki mkimbizi. Akitaka kwenda kumuuguza ndugu Tabora au kuuza mazao Kigoma, ilimpasa kwanza apate kibali cha mkuu wa makazi, chenye muda maalumu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake miaka hiyo, aliona jinsi hali hiyo ilivyowagawa watu wa asili moja. Wa Mishamo walijitambulisha kama wakimbizi na kuwarithisha watoto wao simulizi za 1972. Wenzao wa Kigoma mjini walikuwa wamechanganyika na wenyeji, na jina la ukimbizi hawakulitaka.

Njia ya kisheria ilikuwepo. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mgeni kuomba uraia wa tajnisi ikiwa ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, tena awe na mwenendo mwema. Mkulima wa Katumba aliyevuna misimu zaidi ya ishirini ameshindwa sharti lipi hapo? Mfano wa kufuata pia ulikuwepo, kwani mwaka 1980 Tanzania ilikuwa imewafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Kilichokosekana ni uamuzi.

Uamuzi ulikuja 2007, Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walipokubaliana kulimaliza suala hilo. Watu wapatao 218,000 walihesabiwa na kuulizwa: unarudi au unabaki? Mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki walijaza fomu za uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa.

Hapo ndipo palipofanyika jambo ambalo mpaka leo naliona si la haki. Vyeti havikutolewa. Serikali ilitaka kwanza watu wahame, makazi yafungwe, na raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine, wakati fedha za kuwahamishia hazikutosha na wilaya za kuwapokea hazikuwa tayari. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo waombaji walikuwa wameshatakiwa kuukana uraia wa Burundi. Kule wamejitoa, huku hawajapewa karatasi. Kwa miaka minne watu hawakujua wapande au wafungashe, waezeke nyumba upya au waiache ivuje.

Sharti la kuhama liliondolewa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kugawa vyeti. Mwaka uliofuata waliotimiza umri walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa Tanzania, baadhi yao wakiwa wajukuu wa waliovuka ziwa.

Mwaka huohuo wa 2015 Burundi ilichafuka tena, na Kigoma ikapokea wimbi jipya. Safari hii hapakuwa na hekta 5. Wageni waliwekwa katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli wakiishi kwa mgawo wa chakula, na mwanzoni mwa 2018 Tanzania ikatangaza kujitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliolenga kuwawezesha wakimbizi kujitegemea. Sababu zilizotolewa ni usalama na upungufu wa fedha. Ya usalama inahitaji mjadala wake. Kuhusu fedha, Tanzania iliyogawa mashamba ya Katumba mwaka 1973 ilikuwa maskini kuliko hii.