Kanda za shangazi, Kanumba na mimi

Najua nimeadimika. Wiki hii ni mbio tu: bumu halijaingia, madesa yamejaa kitandani, na Ijumaa saa kumi jioni natakiwa nikabidhi mada ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu. Nilipeleka mada ya historia ya filamu za Bongo. Mwalimu akaisoma, akatabasamu, akaniuliza swali moja tu: "Vyanzo viko wapi?" Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba shangazi yangu ana kanda. Akasema, haya, nenda kazitazame kwanza, halafu uje tuongee.

Kabla sijawaambia nilichokikuta, ngoja niwape historia kiduchu, maana jamaa ninayekaa naye chumba hiki ananikera kila siku. Yeye msimamo wake ni kwamba filamu za Bongo ni takataka, basi, kesi imeisha. Mimi nasema hata kama ni takataka, tuulize zilitokana na nini.

Kwanza, sinema hatukuanza jana. Dar kulikuwa na majumba kama Empire, Empress na Avalon, na mwaka 1966 ikafunguliwa drive-in kule Msasani, watu wanatazama picha wakiwa ndani ya magari yao. Leo eneo lile ndipo ulipo ubalozi wa Marekani. Serikali nayo ilikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu 1968, ambayo ilitoa Fimbo ya Mnyonge, picha ya kuhubiri Ujamaa. Ila TV? Wazenji walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa bara tukasubiri mpaka 1994. Miaka 20 hivi, jamani, na bahari inayotutenganisha ni ya kuvuka kwa boti!

Katika pengo hilo ndipo ilipoingia deki ya video. Majumba ya sinema yanakufa moja moja, vibanda umiza vinaota kama uyoga. Shangazi yangu alikuwa na chake: benchi nne, turubai, TV moja ya chogo. Watoto tuliingia kwa shilingi 100. Picha niliyoipenda kuliko zote haikuwa na jina kwangu, ilikuwa sauti tu: Lufufu akitafsiri picha za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani, anaongeza na ya kwake. Mpaka leo nikimwona Schwarzenegger akiongea Kiingereza naona kama wamembandika sauti isiyo yake.

Halafu zikaja tamthilia za Kaole pale ITV, na humo ndimo alimotokea Steven Kanumba. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend ya George Tyson, ndani yumo TID na Monalisa. 2006 Kanumba akatoa Dar to Lagos pamoja na Wanaijeria. Hiyo ndiyo niipendayo mpaka kesho, na sababu yangu si ya kisomi. Niliitazama nikiwa nimelala miguuni pa shangazi.

Zilizoniangusha ni nyingi. Ile tabia ya "Part 1" na "Part 2" iliniudhi ile mbaya. Mtu anatembea kutoka getini hadi mlangoni dakika tatu, muziki unalia, halafu stori inakatwa katikati ili ununue ya pili. Lakini nilipokaa nikafikiri, nikaona kuna mantiki yake. Filamu hizi hazikupita kwenye majumba ya sinema, zilikwenda moja kwa moja dukani, na hela ilitoka kwenye kanda au CD iliyouzwa, si kwenye tiketi. Mnunuzi analipa kabla hajaona kitu zaidi ya kava. Ndiyo maana kava linang'aa kuliko picha yenyewe, na ndiyo maana stori moja inagawanywa mara mbili. Na wale waigizaji waliokulia kwenye tamthilia za kila wiki walishazoea kuvuta stori kwa maneno. Jamaa yangu wa chumbani aliposikia hivyo akanyamaza dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Na tunajua kutengeneza vizuri, tusidanganyane. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto 2021, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kabla yake tuliwahi kupeleka moja tu, Maangamizi ya mwaka 2001. Niliipenda sana, ila nakiri sikulia. Kwa Kanumba nililia.

Alifariki Aprili 7, 2012, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, akiwa na miaka 28. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Siku ya mazishi yake Kinondoni, shangazi alifungua kibanda bure, mtaa mzima ukajaa kutazama msiba kwenye TV. Hapo ndipo nilipowaona watu wazima wakimlilia mtu ambaye hawajawahi kumpa mkono.

Haya, kanda sasa. Jumamosi nilienda. Shangazi akanionyesha boksi mbili juu ya kabati, zimekaa huko tangu alipofunga kibanda. Nilihesabu kanda 63. Nyingi zimeota ukungu mweupe, nyingine utepe umenata. Tuliazima deki kwa fundi, tukajaribu moja moja mpaka usiku. Zilizocheza ni 11. Shangazi hakusema kitu, alikuwa anafuta kila kanda kwa kanga yake, hata zile mbovu, na kuzirudisha kwenye boksi kwa mpangilio wake wa zamani.

Nimerudi kwa mwalimu na hizo 11. Nimebadili na kichwa cha mada: sitaandika tena kama filamu zetu zilikuwa nzuri au mbaya, nitaandika zimepotelea wapi. Kasema nilete rasimu hiyo Ijumaa.

Kwa hiyo, wadau, mkienda nyumbani likizo chunguzeni juu ya makabati. Mama akitaka kutupa kanda, mwambieni asubiri, kisha mnitafute. Hata zile za Part 2 peke yake nazitaka.