Kutoka Kete Hadi Pedi

Jioni Malinyi, wazee wakiinamia bao chini ya mwembe, tunasema wanacheza. Vijana wakijazana kwenye banda la gemu, tunasema wanapoteza muda. Kwani nani aliamua kwamba mchezo lazima utoe jasho?

Tuulize historia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wake. Miaka ya 1990 mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mafundi wa bao Zanzibar, akachunguza wanavyopiga hesabu ndefu kichwani kabla ya kugusa kete. Sataranji, nayo ya kukaa tu, ilitambuliwa kuwa mchezo na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999. Ilikuwa na shirikisho la dunia la kuisemea. Mwaka 2023, kwenye Michezo ya Asia huko Hangzhou, China, gemu nazo zikatolewa medali.

Kwa hiyo jasho si hoja. Hoja ni nani mwenye mchezo. Mwaka huohuo wa 2023, kampuni ya EA, baada ya kuachana na FIFA, ilibadilisha jina la gemu yake ya soka, na wachezaji hawakuulizwa. Bao halina mwenyewe wa kulifuta.

Gemu ni mchezo, nakubali. Ila uwanja wake una hati ya kampuni. Siku kampuni ikifunga geti, bingwa wa Malinyi atachezea wapi?