Risasi Tano za Kugo

Ukitaja kiwanda mbele ya watu wa rika langu hapa Eldoret, mmoja atafikiria Rivatex, mwingine Raiply. Wazee wao wakisikia neno hilo wanashusha sauti kidogo. Wao wanajua kiwanda cha risasi. Kilianzishwa rasmi mwaka 1997, mitambo ikatoka FN Herstal ya Ubelgiji, na tangu hapo mji wa mursik na wakimbiaji unatengeneza pia risasi za milimita 7.62, 5.56 na 9. Wengi wetu tunapita tu. Mimi pia nilikuwa napita tu, hadi siku kugo alipokuja kutoka Bonde la Kerio kutibiwa macho, na tukiwa kwenye matatu akaniuliza swali ambalo sikuwa nalitarajia.

"Hizo risasi za hapa kwenu, zinaweza kuua mamba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa wasiojua huku kwetu: ukitoka Eldoret ukafika Iten, barabara inateremka ukingo wa bonde hadi chini kwenye joto, maembe na mto. Mto Kerio unaenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana, na mamba wako humo tangu zamani za kale. Miaka ya tisini kugo alikuwa polisi wa akiba. Serikali ilimpa bunduki ya .303, ile Lee-Enfield ambayo watu wa bonde waliiita Mark 4, alinde ng'ombe dhidi ya wezi wa mifugo. Pamoja na bunduki alipewa risasi tano. Kila moja ilihesabiwa. Ukipiga moja, unaenda ofisini kueleza ulimpiga nani, wapi, kwa nini, na ganda liko wapi.

Mwaka mmoja wa kiangazi mamba alimchukulia mbuzi wawili pale wanapokunywa maji. Kugo akalala nyuma ya mti tangu alfajiri, na saa nne mamba akatoka kuota jua, hatua kama ishirini hivi kutoka kwake. Akamlenga. Akamlenga kwa muda mrefu, anasema, hadi mkono ukaanza kutetemeka. Kisha akashusha bunduki akarudi nyumbani. Afisa aliyewagawia risasi alikuwa amewaambia, "Mnafikiria risasi ni maembe?" Na mbuzi wawili si sababu ya kuandika maelezo ya kurasa mbili.

Wiki tatu baadaye binti wa jirani alishikwa mkono akichota maji pale pale.

Alipona. Mkono haukupona. Leo ni mama mzima, ana duka lake, na hunipigia kelele nikipita bila kumsalimia. Lakini siku hiyo kugo alikimbia na bunduki yake, na mamba alipoibuka tena ng'ambo akampiga risasi mbili. Anasema ya pili iliingia begani, aliiona. Mamba akateleza majini na hakuonekana tena. Kugo akaenda kueleza risasi mbili.

Kwa hivyo swali lake kwenye matatu halikuwa la mchezo. Miaka thelathini amejiuliza kama kosa lilikuwa la risasi. Labda ya Ubelgiji ingefanya kazi. Labda bunduki kubwa zaidi. Nilimwahidi nitasoma, nikasoma, na hapa ndipo historia ilinishika.

Kwanza nikakutana na Wamarekani wa Louisiana wanaowinda aligeta, binamu wa mamba. Hao hutumia bunduki ndogo kabisa, ya .22, ambayo hapa ungedhani ni ya kufukuzia ndege. Siri yao ni kwamba aligeta anakuwa tayari amenaswa kwa ndoano na kamba. Wanamvuta hadi kwenye mashua, kisha mtu anampiga karibu kabisa, nyuma ya kichwa. Hawahitaji nguvu. Wanahitaji kamba.

Mamba wetu hana kamba. Analala ukingoni, na mwili wake umekaa tayari kuteleza. Ukimpiga tumboni au begani, hata kwa bunduki ya tembo, bado ana nafasi ya kuingia majini akafie huko, na mamba aliyekufa huzama. Kinachomzuia pale pale ni ubongo, ulio nyuma ya macho na mdogo kuliko unavyodhani ukiangalia ukubwa wa kichwa kile, au uti wa mgongo pale shingoni. Ukimkosa kidogo, na hasa ukipiga kwa pembe ya chini, risasi inaweza kugonga maji ikaruka kama jiwe na kuelekea ng'ambo waliko watu. Basi wawindaji wa mamba hawakusumbuka sana na ukubwa. Walitaka bunduki inayopiga pale pale unapolenga, na risasi ngumu ya kutosha kupenya mfupa.

Sasa, .303 ya kugo. Risasi yake ya kijeshi, ile ya Mark 7, ina uzito wa gramu 11 hivi, imefunikwa chuma pande zote, na hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa takriban mita 740 kwa sekunde. Kwa hatua ishirini inapita fuvu la mamba bila shida. Kama ushahidi hautoshi, yuko W. D. M. Bell, Mskoti aliyetumia Mumias kama kituo cha safari zake za Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, nyembamba kuliko ile ya kugo. Nilisoma hapo mara mbili. Tembo! Bell alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alifanya mazoezi kila siku ya kulenga na kufyatua bunduki tupu.

Basi risasi haikuwa na kosa. Lakini soma tena hayo ya Bell. Mazoezi kila siku. Nani alimpa kugo mazoezi?

Nikarudi nyuma zaidi, hapa hapa Uasin Gishu. Mwishoni mwa 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika upande wa Sergoit. Alikuja na bunduki za kuchagua kama mtu anayechagua viatu: Springfield ya jeshi lao, Winchester ya .405 aliyoipenda kwa simba, na Holland & Holland ya mitutu miwili aliyozawadiwa na Waingereza. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari yote. Na alipokuwa huku alitaka kuona Wanandi wakiua simba kwa mikuki. Waliua, mmoja wao akajeruhiwa, na Roosevelt akawasifu sana kwa maandishi. Ni sifa nzuri. Ila miaka minne tu kabla, Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alikuwa amepigwa risasi na Meinertzhagen kwenye mkutano uliosemekana kuwa wa amani, na upinzani wa Wanandi ukavunjwa kwa bunduki. Mkuki wao haukuwa chaguo kutoka kwenye kabati.

Kisha mto wenyewe, kule unakoishia. Mwaka 1965 na 1966 Alistair Graham, kwa kazi ya idara ya wanyama ya Kenya, pamoja na mpiga picha Peter Beard, waliua mamba 500 katika Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf, ili kuwachunguza. Walifanya kazi usiku kwa tochi, kwa sababu macho ya mamba hung'aa mekundu kwenye mwanga na unaweza kumkaribia. Huko mamba walikuwa bado wengi, na sababu moja inachekesha: ngozi ya tumbo lao ina vifundo vigumu, wenye viwanda vya mikoba hawakuitaka. Mahali pengine Afrika Mashariki wafanyabiashara wa ngozi walikuwa wameshafagia.

Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Nakubaliana na marufuku hayo, niseme wazi, sitaki mtu asome haya akaenda kutafuta bunduki. Tangu 2013 sheria inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyamapori, na mamba yumo kwenye orodha. Kuilipwa ni hadithi nyingine. Bunduki hazikuondoka bondeni. Zilibaki za kulenga watu.

Wiki iliyopita nilimpigia kugo simu nikamweleza. Nikamwambia za hapa kwetu za 7.62 zingeweza, na ile yake ya Mark 4 ingeweza pia, siku ile ya kwanza chini ya mti. Nikajuta papo hapo kusema hivyo. Akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake.

"Hatua ishirini," akasema.

"Ndiyo, kugo."

"Na uliambiwa nyuma ya macho?"

"Nyuma ya macho. Padogo."

"Mimi nilikuwa nimelenga katikati ya mgongo," akasema. "Hakuna mtu aliniambia ni nyuma ya macho."

Kisha akauliza kama mvua imeanza Eldoret, na kama nitateremka mwezi huu, kwa sababu maembe yameiva.