Barua tano za Meja Augusta

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea na madaktari na wauguzi wetu wa hapa Washington na vitongoji vyake, na dakika za mwisho nikamtaja mtu mmoja: Alexander Augusta. Mmetuandikia mkiuliza huyu ni nani, na mbona shuleni hatukumsikia. Kipindi kina dakika zake, kwa hiyo nimekaa kuandika.

Augusta alikuwa daktari mpasuaji katika jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861 hadi 1865. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa hati ya uofisa kama daktari wa jeshi hilo, na akaanzia cheo cha meja. Mimi nilimfahamu kupitia barua zake. Kila alipofungiwa mlango aliandika, na ukizipanga barua hizo kwa tarehe unaona alipigana vita mbili kwa mpigo: moja na jeshi la Kusini, nyingine na watu wa upande wake mwenyewe.

Tuanze nyuma kidogo. Alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka 1825, si mtumwa, lakini katika jimbo ambalo mtu mweusi kujifunza kusoma ilikuwa jambo la kuficha. Alijifunza kwa siri, akafanya kazi ya kinyozi, akaoa Baltimore. Alitaka udaktari. Alijaribu University of Pennsylvania, wakamkataa. Basi akavuka mpaka na mkewe Mary hadi Toronto, akasomea udaktari Trinity College, akafungua kazi yake huko. Yaani alikuwa amejipanga kabisa. Nyumba, wagonjwa, heshima.

Halafu tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln akatoa Tangazo la Ukombozi, na watu weusi wakaruhusiwa kuingia jeshini. Tarehe 7 Januari, siku sita tu baadaye, Augusta akaandika barua ya kwanza, kwa Lincoln mwenyewe. Anaomba apewe nafasi ya daktari katika vikosi vya watu weusi, au kokote atakapoweza kuwahudumia watu wa asili yake. Barua ni fupi. Hakuna kubembeleza.

Aliitwa Washington kufanya mtihani wa bodi ya madaktari wa jeshi. Bodi ilipotambua kwamba ni mtu mweusi, ikataka mwaliko ufutwe. Sababu zilikuwa mbili: ana asili ya Afrika, na anaishi chini ya himaya ya Uingereza, ambayo ilikuwa imetangaza kutoegemea upande wowote, kwa hiyo kumchukua kungevunja sheria. Ukisikia sababu ya pili imeongezwa kuipa nguvu ya kwanza, unajua kuna jambo.

Ndipo barua ya pili. Anawaambia bodi kwamba amesafiri karibu maili elfu moja, kwa gharama kubwa na kwa kujinyima, akitumaini kuwa na faida kwa nchi na kwa watu wake wakati huu mgumu. Anaomba wamsikilize. Wakamtahini, akafaulu, na Aprili 1863 akapewa cheo.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunayo hadithi hii nyumbani. Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi aliyehitimu, mwenye miaka ya kazi wodini. Alipofika hapa alianza kwa kuogesha wazee usiku huku vyeti vyake vikizunguka ofisi moja hadi nyingine. Karatasi hii imekosa muhuri, ile inataka mtihani mwingine. Hakuna aliyemwambia usoni kwamba hawezi kazi. Siku zote ilikuwa karatasi. Nikisoma majibu ya ile bodi ya 1863, naisikia sauti ileile.

Haya, turudi kwa meja. Mei 1, 1863, akiwa na sare yake na alama za cheo begani, alipanda treni Baltimore kwenda Philadelphia. Kabla treni haijaondoka, kundi la watu likamvamia na kumng'oa zile alama. Alikwenda kwa wanajeshi waliokuwa wakilinda mji, akapewa ulinzi, na bado njiani kurudi kituoni akapigwa usoni hadi damu ikamtoka puani. Aliondoka Baltimore akiwa amezungukwa na askari wenye bastola mkononi.

Wiki mbili baadaye akaandika barua ya tatu, safari hii kwa gazeti la Washington. Kuna waliosema alijitakia, kwamba mtu mweusi mwenye akili angevaa kiraia katika mji kama ule. Jibu lake ni kwamba cheo chake kinampa haki ya kuvaa alama zile, na kama anaogopa au anaona aibu kuzivaa mahali popote, basi hafai kuwa na cheo hicho. Kwa maneno yetu: kama siwezi kuvaa, mlinipa cha nini?

Mwezi huohuo akakabidhiwa hospitali ya Kambi ya Barker, kaskazini ya jiji, karibu na mahali panapoitwa leo Logan Circle. Hapo walitibiwa watu waliotoroka utumwani. Serikali iliwaita kwa neno linalomaanisha mali ya adui iliyotekwa. Fikiria, umekimbia kwa miguu usiku kucha uwe huru, unafika, unaandikishwa kama mzigo. Hospitali ile iliendelea kukua baada ya vita hadi ikawa hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard. Na Augusta alivuta wenzake: Anderson Abbott, daktari mweusi mzaliwa wa Toronto, alikuja kufanya kazi hukohuko.

Barua ya nne ndiyo inayojulikana zaidi. Tarehe 1 Februari 1864 aliitwa kutoa ushahidi kwenye mahakama ya kijeshi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisimamisha tramu ya farasi kwenye kona ya barabara ya 14 na I. Kondakta akamvuta nyuma, akamwambia watu weusi hawakai ndani, akae mbele nje na dereva. Alikataa. Kondakta akamsukuma chini na kumwamuru dereva aondoke. Meja akatembea kwenye tope, akachelewa.

Alichofanya ni kumwandikia mwendesha mashtaka wa mahakama, kueleza kwa nini amechelewa. Anataja namba ya gari, kona ya barabara, maneno ya kondakta, hali ya hewa. Mwishoni anaomba mkosaji akamatwe. Hakuna neno moja la hasira, na hilo ndilo lililoipa nguvu. Seneta Charles Sumner aliipeleka habari hiyo mbele ya Seneti siku chache baadaye, na Machi 1865 Bunge likapiga marufuku ubaguzi katika tramu zote za jiji. Mjadala ulikuwa mrefu na watu wengi waliusukuma, lakini karatasi ile ya Augusta ilikuwa mezani.

Sasa, msije mkadhani barua ilikuwa silaha yake peke yake. Mwezi uleule wa Februari, madaktari weupe waliokuwa chini yake katika kikosi cha saba cha askari weusi walimwandikia Lincoln. Walisema wanaunga mkono watu weusi kupandishwa, lakini kuwekwa chini ya daktari mweusi ni fedheha wasiyoweza kuivumilia. Na wao walijibiwa. Augusta aliondolewa kwenye kikosi, akapelekwa Baltimore kupima afya za askari wapya. Jeuri iliyoje: mji uleule.

Na huko Baltimore mlipaji mishahara akakataa kumpa zaidi ya dola 7 kwa mwezi. Hicho ndicho alichopata askari mweusi wa kawaida: dola 10, zikikatwa 3 za nguo, wakati askari mweupe wa kawaida alilipwa 13. Daktari, meja, mwaka mzima kazini! Augusta alikataa kuzipokea, akaandika barua ya tano, kwa Seneta Henry Wilson. Wilson akaifikisha kwa Waziri wa Vita, na amri ikatoka alipwe kwa cheo chake.

Alimaliza jeshi akiwa na cheo cha heshima cha luteni kanali, kisha akawa mmoja wa walimu wa mwanzo wa shule ya udaktari ya Howard, iliyofunguliwa 1868. Chama cha madaktari wa Washington kilimkataa uanachama pamoja na wenzake weusi, na mwaka 1870 chama cha kitaifa kikakubaliana na ubaguzi huo. Kiliomba radhi mwaka 2008. Augusta alikufa Desemba 1890, akazikwa Arlington. Mwaka 2023 hospitali ya jeshi ya Fort Belvoir, Virginia, jimbo alimozaliwa, ilipewa jina lake. Baadhi yenu mnaosoma hapa mnapita getini kwake kila asubuhi mkienda zamu.

Tunayajua haya kwa sababu aliandika tarehe, majina na namba ya gari, na kwa sababu ofisi zilizomkatalia zilitunza majibu. Wazazi wetu nao waliandika: maombi ya vyeti, rufaa, barua za kueleza kwa nini. Nyingi ziko kwenye mifuko ya plastiki juu ya kabati. Mama mdogo ameshaniruhusu nipige picha zake zote, na kipindi kijacho tutazisoma naye. Na wewe, kabla hujahama nyumba au mzee hajasahau, waulize wazee wako ziko wapi.