Mercedes C ya okazyo: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Mercedes C iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007 inapendeza, lakini tumbo lake liko chini sana kwa barabara za udongo. Ugonjwa wake unaojulikana uko kwenye vitesi otomatiki: mafuta yanavuja kwenye plagi ya umeme, yanapanda na nyaya mpaka kwenye komputa ya vitesi, na gari inakwama. Plagi ni pesa kidogo; komputa ndiyo inakula akiba. Motere ya M271 nayo, shene yake inalegea. Mwambie mwuzaji aiwashe asubuhi ikiwa bado baridi: ukisikia chuma kikigongana sekunde za kwanza, wacha. Na kwa mtu wa Alunguli, piesi ikipatikana Kindu mjini, bado ivuke Lualaba.